Jinsi ya kukadiria kalori unazotumia unapotembea

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KATIKA Kata ya Kasansa, Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe mkoani Katavi, kutembea ni sehemu ya kazi. Mkulima huenda shambani kwa miguu, hulima, kisha hurejea na kuni au mazao kichwani. Akijua safari hiyo inamgharimu nguvu kiasi gani, ataweza kupima kama mlo wake unatosha. Naye mkazi wa mjini anayetaka kupunguza uzito hatadanganywa na jasho lake.

Makadirio hutegemea mambo matatu: uzito wa mwili, muda na kasi. Mtu mzima aliyepumzika hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa. Akitembea kwa kasi ya kilomita tano kwa saa katika njia tambarare, hutumia takriban mara tatu na nusu ya kiasi hicho. Hivyo, zidisha kilo zako kwa saa ulizotembea, kisha kwa 3.5.

Mathalani, mtu mwenye kilo 60 ambaye shamba lake lipo umbali wa kilomita tano atatembea saa mbili kwenda na kurudi, na kutumia kalori 420. Hata hivyo, kalori 120 kati ya hizo angezitumia hata kama angepumzika. Safari yenyewe imemgharimu kalori 300, sawa na gramu 80 hivi za unga wa mahindi au vijiko vikubwa viwili na nusu vya mafuta ya kula. Kazi ya jembe haimo katika hesabu hiyo. Aidha, mlima, mchanga na matope huongeza gharama.

Kuhusu mzigo, utafiti uliochapishwa mwaka 1986 na Profesa Maloiy na wenzake ulipima wanawake wa Kiluo na Kikuyu nchini Kenya. Ilibainika kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Uliozidi hapo uliongeza. Kwa mwenye kilo 60, kiwango hicho ni kilo 12, ilhali maji ya ndoo ya lita 20 pekee yana kilo 20. Utafiti wa baadaye nchini Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa kila mbebaji.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012 na Herman Pontzer na wenzake, akiwamo Mtanzania Audax Mabulla, ulihusu Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi. Ingawa hutembea sana, jumla ya nishati waliyotumia kwa siku, ikilinganishwa na ukubwa wa miili yao, haikutofautiana na ya wakazi wa Marekani na Ulaya. Yaelekea mwili hubana matumizi kwingineko.

Kwa hiyo, anayetaka kupungua asitegemee miguu pekee bila kuangalia sahani, ingawa kutembea kunabaki na faida kwa moyo na mishipa. Naye anayetembea kila siku na mzigo asipuuze kukonda. Afike kituo cha afya, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha.