Kompyuta Iliyowekwa Kando ya Mashine: Historia ya Uimara na Usalama Wake

Kompyuta imezoeleka kutajwa kana kwamba ni mashine ya chumbani, yaani chombo kikaacho katika jengo safi lenye hewa baridi, chini ya ulinzi wa wataalamu wake. Hivyo ndivyo zilivyokuwa kompyuta kubwa za miaka ya 1950, na hivyo ndivyo zilivyo hata leo mashine nyingi zilizokusanywa katika majumba makubwa ya kuhifadhia habari. Lakini upo ukoo wa pili ambao haukutajwa sana: kompyuta ndogo na ngumu, iliyowekwa karibu kabisa na kazi yenyewe, sakafuni mwa kiwanda, penye pampu ya maji, barabarani au dukani. Siku hizi huitwa kompyuta ya ukingoni, kwa kuwa hukaa ukingoni mwa mtandao, mbali na kituo kikuu. Jina hili ni geni, lakini chombo chenyewe kina zaidi ya miaka 50. Habari za kuzaliwa kwake zafaa kuchunguzwa, kwani zaonyesha kwamba waanzilishi wake waliikinga dhidi ya vumbi, joto na mtikisiko, wasiikinge dhidi ya neno la mgeni. Na upungufu huo umekuwa deni ambalo viwanda vinaendelea kulilipa.

Kabla ya mwaka wa 1968, mashine za viwanda vya magari huko Marekani ziliongozwa na rilei. Rilei ni swichi iendeshwayo na sumaku ya umeme: mkondo mdogo ukipita katika koili, kipande cha chuma huvutwa, nacho hufunga au hufungua njia ya mkondo mwingine. Mamia ya rilei yalifungwa katika makabati ya chuma na kuunganishwa kwa nyaya, na maarifa yote ya kiwanda, kwa mfano kwamba keekee isishuke mpaka chuma kiwe kimebanwa, yalikuwa yameandikwa katika mpangilio wa nyaya hizo. Kubadili amri moja kulikuwa ni kubadili nyaya. Kila mtindo mpya wa gari ulipoletwa, makabati yalifunguliwa na kufungwa upya, na mengi yalitupwa. Zaidi ya hayo, ncha za rilei huchakaa, na kuitafuta rilei moja mbovu kati ya mamia ilikuwa kazi ya saa nyingi, huku mashine zote zimesimama.

Hapana shaka kompyuta zilikwisha kuingia viwandani wakati huo. Mwaka wa 1959 kompyuta iitwayo RW-300 iliwekwa kuongoza sehemu ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Texaco huko Port Arthur, Texas. Na mwaka wa 1962 kompyuta ya Ferranti Argus iliongoza kiwanda cha kemikali cha ICI huko Fleetwood, Uingereza. Lakini mashine hizo zilifaa kazi zenye mwendo usiokatika, penye mtambo mmoja mkubwa uliostahili gharama kubwa. Karakana ya injini ni mahali pa namna nyingine. Hapo pana cheche za kuchomelea, ukungu wa mafuta, unga wa chuma, na misukosuko ya umeme kila mota kubwa inapowashwa. Tena pana mashine nyingi zilizotengana. Zikitegemea kompyuta moja, siku itakapougua hiyo moja zote zitalala. Hata PDP-8, iliyotolewa mwaka wa 1965 kwa bei ya dola 18,000 na kusifiwa kwa udogo wake, ilihitaji mtu aliyesomea lugha ya kompyuta, na mtu huyo hakuwa miongoni mwa mafundi wa karakana.

Ndipo mwaka wa 1968 wahandisi wa General Motors, katika idara ya Hydra-Matic iliyotengeneza giaboksi huko Michigan, walipotoa maelezo ya chombo walichokitaka. Masharti yao yalikuwa machache na wazi. Chombo kisiwe na sehemu zinazochakaa kama ncha za rilei. Kiweze kufanya kazi pale pale karakanani. Amri zake ziweze kubadilishwa bila kugusa nyaya. Kiweze kuhamishiwa mashine nyingine. Na wahandisi na mafundi wa kiwandani waweze kukielewa na kukitengeneza. Masharti haya yakisomwa leo, yaonekana kuwa ndiyo yale yale yanayotajwa na wauzaji wa kompyuta za ukingoni. Sharti moja tu halimo: hapana neno hata moja juu ya nani ana haki ya kukiamuru chombo hicho.

Wakati huo huo, katika mji wa Bedford, Massachusetts, palikuwa na kampuni ndogo iliyoitwa Bedford Associates, iliyounda mitambo ya kuongozea mashine. Mmoja wa wahandisi wake, Richard Morley, alikuwa amechoka kuanza upya kwa kila mteja kazi ambayo kwa hakika ilikuwa moja. Tarehe 1 Januari 1968 aliandika waraka wa maelezo ya chombo kimoja kitakachofaa kazi zote hizo. Chombo kilipoundwa kiliitwa 084, kwa sababu kilikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo, na kampuni mpya iliyoanzishwa ili kukitengeneza ikaitwa Modicon. Mwaka wa 1969 kilifikishwa kwa General Motors.

Umbo la 084 lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndilo lililokuwa kielelezo cha yote yaliyofuata. Chombo hakikuwa na feni. Feni huvuta hewa, na hewa ya karakana huleta unga wa chuma na mvuke wa mafuta ndani ya saketi. Kwa hiyo waundaji waliliziba sanduku, wakaliachia joto litoke kwa kupitia chuma chenyewe. Kasi haikuwa shabaha yao ya kwanza. Walichokitaka ni chombo kisichosimama, na katika karakana chombo cha polepole kisichosimama chashinda chombo chepesi kinachougua kila wiki.

Lakini uimara wa sanduku peke yake haungetosha. Kilichokipa chombo hiki ushindi ni suala la lugha. Mafundi wa umeme wa Marekani walikuwa wamezoea kuchora mipango ya rilei kwa mchoro unaofanana na ngazi: mistari miwili ya wima ni njia za umeme, na kati yake hupita mistari ya ulalo kama vipago, kila kipago kikiwa na sharti na tendo lake. Fundi alisoma kipago kwa kipago: hiki kikifungwa na kile kisipofunguliwa, mota na izunguke. Waundaji wa 084 hawakumlazimisha fundi ajifunze lugha ya kompyuta. Waliifundisha kompyuta mchoro wa fundi. Mtu aliyefanya kazi ya rilei kwa miaka 20 aliweza kusimama mbele ya chombo kipya akakiamuru kwa maarifa yake ya zamani.

Ubora wa njia hii waonekana zaidi ukilinganishwa na ule wa washindani. Kampuni ya Digital Equipment Corporation, waliotengeneza PDP-8, walileta chombo kilichoitwa PDP-14. Amri zake zilifumwa kwa nyaya ndani ya kumbukumbu isiyobadilika, na kiwanda kilichotaka kubadili jambo kilihitaji kumbukumbu nyingine ifumwe kwa mtengenezaji. Chombo cha namna hiyo kilikuwa imara, lakini neno la mwisho lilikuwa bado mbali na kazi. Modicon walilileta neno hilo mikononi mwa fundi. Mwaka wa 1973 walitoa 184, iliyoundwa na Michael Greenberg, nayo ndiyo iliyoieneza biashara yao. Kampuni ya Allen-Bradley nayo, ambamo Odo Struger alifanya kazi, ilieneza vyombo hivi pamoja na jina la PLC vinalojulikana kwalo hata leo. Mchoro wa ngazi ulidumu hata ukaingizwa mwaka wa 1993 katika kanuni za kimataifa za lugha za vidhibiti mashine.

Ama habari ya usalama ni nyingine. Katika miaka ya 1970 ulinzi wa chombo hiki ulikuwa ukuta wa kiwanda na mlinzi wa langoni. Aliyekifikia alikuwa ni mtu wa kiwanda, na mtu wa kiwanda aliaminiwa. Mwaka wa 1979 Modicon walitunga lugha fupi ya vyombo kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe, iitwayo Modbus. Ilikuwa rahisi, ilikuwa wazi kwa kila mtengenezaji, na kwa sababu hiyo ilienea duniani. Lakini lugha hiyo haina salamu ya kujitambulisha. Chombo kikipokea agizo lililoandikwa sawasawa hulitii, pasipo kuuliza limetoka kwa nani. Madamu waya ulikuwa wa mita chache ndani ya ukuta mmoja, hapakuwa na hatari kubwa. Hatari ilikuja pale waya ule ulipounganishwa na simu, na redio, na hatimaye intaneti.

Mfano wa mapema ulitokea mwaka wa 2000 katika wilaya ya Maroochy, Queensland, nchini Australia. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyofunga mitambo ya pampu za maji machafu alitumia redio na kompyuta ya mkononi kuziamuru pampu hizo akiwa ndani ya gari lake. Maji machafu lita 800,000 hivi yalimwagika katika mito na bustani. Pampu hazikuharibika, zilitii tu. Mahakama ilimhukumu kifungo mwaka uliofuata.

Mfano mkubwa zaidi ulijulikana mwaka wa 2010, ilipogunduliwa programu haribifu iliyopewa jina la Stuxnet. Ililengwa kwa vidhibiti vya Siemens vilivyoongoza mashinepia za kusafishia urani huko Natanz, Iran. Mtambo ule haukuunganishwa na intaneti. Programu ilibebwa ndani kwa vijiti vya kumbukumbu, ikathibitisha methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako. Ilibadili mwendo wa mashine, mara ikiuzidisha, mara ikiupunguza kupita kiasi, huku ikiwaonyesha wasimamizi takwimu za zamani zilizorekodiwa wakati mambo yalipokuwa salama. Hapo ndipo viwanda vilipofahamu kwamba sanduku lisilopenya vumbi laweza kupenywa na uongo.

Ajabu ni kwamba hatari hiyo haikuwafanya watu waiondoe kompyuta kando ya kazi. Kinyume chake, imeongezeka. Tangu mwaka wa 2006, Amazon walipoanza kukodisha nguvu za kompyuta zao kwa njia ya mtandao, ilidhaniwa na wengi kwamba hesabu zote zitahamia katika majumba makubwa ya mbali. Lakini umbali una gharama yake. Nuru ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Basi swali na jibu baina ya pande mbili zilizotengana kwa kilomita 5,000 haviwezi kupungua milisekunde 50, hata njia ikiwa nyeupe kabisa. Mkono wa mashine hauwezi kungoja hivyo. Tena njia yenyewe hukatika.

Jambo la kukatika kwa njia lafahamika vizuri katika Afrika Mashariki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mawasiliano ya intaneti yakazorota katika nchi kadhaa, Tanzania na Kenya zikiwamo. Miaka 11 kabla yake, mwaka wa 2013, kampuni ya BRCK ya Nairobi, iliyotokana na Ushahidi, ilikwisha kutangaza kisanduku kilichoundwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme na mtandao havina uhakika. Kilikuwa na betri yake, na njia moja ya mawasiliano ilipokufa kilihamia nyingine. Kisanduku chao kikubwa zaidi cha mwaka wa 2017 kilihifadhi habari ndani yake, nacho kilitumika katika matatu, ili abiria wapate habari hizo bila kungoja nyaya za mbali. Haja ni ile ile ya Bedford: kazi isisimame kwa sababu kituo kikuu hakisikiki.

Vyombo vya sasa vimeanza kulilipa deni la zamani. Sanduku limebaki lile la 084, yaani chuma kilichozibwa, kisicho na feni, chenye mapezi ya kutolea joto. Ila ndani yake huwekwa kipande kidogo kitunzacho siri za utambulisho, ambacho kanuni yake ilikubaliwa kimataifa mwaka wa 2009. Kwa kipande hicho, chombo chaweza kuhakikisha wakati wa kuwaka kwamba programu yake haikubadilishwa na mtu. Modbus nayo, baada ya miaka 39, iliwekewa mwaka wa 2018 kanuni za kumtambua msemaji na kuyaficha maneno yake. Lakini kanuni mpya hazivibadili vyombo vya kale, na chombo kilichojengwa ili kisife hukaa kiwandani miaka 20 au 30. Uimara wenyewe, uliokuwa fahari ya waanzilishi, ndio unaoyarefusha maisha ya udhaifu wao.

Wala ulinzi hauishii katika hesabu. Mwaka wa 2017, katika kiwanda cha kemikali za mafuta nchini Saudi Arabia, programu haribifu iliyoitwa Triton iliingia katika vidhibiti vya Triconex, ambavyo kazi yake ni kusimamisha mtambo kabla ya ajali. Vidhibiti hivyo vina swichi ya ufunguo usoni mwake: ikigeuzwa upande wa kazi, amri zake hazibadilishwi; ikigeuzwa upande wa kuandikia, hubadilishwa. Swichi ilikuwa imeachwa upande wa kuandikia. Bahati ilikuwa kwamba vidhibiti viliona kasoro, vikausimamisha mtambo, na watu wakapona. Waundaji walikuwa wamekwisha kuutengeneza mlango na ufunguo wake. Kilichobaki kilikuwa ni mtu wa kuufunga.