Daktari aliyeporwa mnyonya damu wake

Inapofika tarehe 1 Aprili, wapenzi wa hadithi za kutisha wangefaa kumkumbuka John Polidori. Siku hiyo mwaka 1819, jarida la New Monthly Magazine la London lilichapisha The Vampyre, hadithi fupi iliyomtoa mnyonya damu makaburini na kumwingiza kwenye kumbi za matajiri. Aliyeitunga ni Polidori. Jina lililochapishwa ni la mshairi Lord Byron.

Mwanzo wake unajulikana. Aprili 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na mwaka uliofuata Ulaya ikakosa kiangazi. Juni 1816, mvua ikiwafungia ndani, Byron, Percy Shelley, Mary Godwin na Claire Clairmont walikesha Villa Diodati, kando ya Ziwa Geneva, wakisoma hadithi za mizuka, hadi Byron akamtaka kila mmoja atunge yake. Mary, aliyekuwa na miaka 18, akaanza Frankenstein.

Polidori naye alikuwapo, akiwa daktari wa Byron, kijana wa miaka 20 aliyehitimu Edinburgh kwa tasnifu kuhusu watu wanaotembea usingizini. Shajara yake ilichapishwa mwaka 1911 na mpwa wake, William Michael Rossetti. Dada mmoja wa Polidori alikuwa ameinakili, akaacha aliyoyaona ya aibu, kisha akaiharibu ya asili. Hata hivyo, mimi naiamini kuliko dibaji ya Frankenstein aliyoandika Mary miaka 15 baada ya mambo hayo. Mary anasema alikosa cha kuandika kwa siku kadhaa, tena anamcheka daktari kwa kisa cha bibi mwenye kichwa cha fuvu. Daktari aliandika papo hapo, tarehe 17 Juni, kwamba wote wameshaanza isipokuwa yeye. Usiku uliofuata Byron alikariri shairi la Coleridge. Shelley akapiga ukelele, akashika kichwa, akatoka mbio na mshumaa. Polidori ndiye aliyemmwagia maji usoni na kumpa etha.

Septemba Byron alimwachisha kazi. Polidori alikuwa amekichukua kisa ambacho Byron alikianza akakitupa, akakijenga upya. Akazaliwa Lord Ruthven, bwana wa heshima mwenye macho makavu, anayeua wasichana mmoja baada ya mwingine. Mswada ulibaki Geneva kwa mwanamke mmoja, kisha ukamfikia mchapishaji Henry Colburn, aliyejua vizuri jina la nani lingeuza. Polidori aliandika magazetini kudai haki yake. Byron naye alikana, na kipande chake kikachapishwa mwishoni mwa kitabu cha Mazeppa, kila mtu akaweza kulinganisha. Haikusaidia. Mwaka 1820 Ruthven alikuwa tayari jukwaani Paris, na Agosti 1821 Polidori akafa London, akiwa na miaka 25.

Le Fanu alifuata na Carmilla mwaka 1872, Stoker na Dracula mwaka 1897, kisha sinema. Mtaa wa Great Pulteney, London, sasa una kibao cha kumkumbuka Polidori, lakini kwenye orodha za waandishi wa kutisha watu hutaja Poe, Stoker na King, wakamruka yeye. Ni dhuluma ileile ya Colburn, inaendelea.

Kwa hiyo anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na The Vampyre, inayosomeka jioni moja, aende Carmilla, ndipo afike Dracula. Na atakayeitafsiri kwa Kiswahili aandike jina la Polidori kwenye jalada, kwa herufi kubwa.