Asturlabu Iliyozama na Esmeralda



Ndugu wazazi, watoto wetu hapa Ntinda wakitaka kujua kibla hufungua simu. Wahenga wetu katika dini walitumia asturlabu, na hadithi yake ina uchungu kidogo.

Mwaka 2014, wapiga mbizi waliochunguza mabaki ya meli ya Kireno, Esmeralda, kwenye kisiwa cha Al Hallaniyah nchini Oman, walitoa mchangani kisahani cha shaba chenye upana wa sm 17.5 na nembo ya mfalme wa Ureno. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walikichunguza kwa leza, ikaonekana mistari ambayo macho hayakuiona, mmoja kila nyuzi 5. Ikathibitika kuwa ni asturlabu ya mabaharia, ya kupimia urefu wa jua angani.

Wayunani ndio walioanza kutengeneza asturlabu. Wanazuoni wetu wa Baghdad na Andalusia wakaiboresha, wakaitumia kujua nyakati za Swala na upande wa Makka. Kupitia Andalusia elimu hiyo ikawafikia Wareno, nao wakairahisisha kwa ajili ya bahari.

Wakaitumia kwa lipi? Esmeralda ilikuwa katika msafara wa pili wa Vasco da Gama. Mwaka 1502 msafara huo uliilazimisha Kilwa kulipa kodi ya dhahabu, kisha, karibu na India, ukaichoma meli ya mahujaji waliotoka Makka, wanawake na watoto wakiwemo. Inna lillahi. Sisi wazazi hupenda kuwaambia watoto kuwa elimu ilitoka kwetu, kisha tukanyamaza. Waambiwe na hili.

Mjomba wake da Gama, Vicente Sodré, aliachwa alinde vituo vya Wareno India. Yeye akaenda kuteka meli za Waarabu Ghuba ya Aden. Mwezi Mei 1503 alitia nanga Al Hallaniyah atengeneze meli. Wenyeji wakamwonya: upepo mkali waja kutoka kaskazini, hamisheni meli upande wa pili wa kisiwa. Meli ndogo zilihama. Vicente na nduguye Brás wakazitegemea nanga zao za chuma. Dhoruba ikazikata kamba, meli zao mbili zikapigwa miambani, na Vicente akafa pamoja na watu wote wa Esmeralda.