Paa la Kuondolewa: Habari za Motokaa za Wazi

Katika somo la leo tutazungumza habari za paa la motokaa. Huenda mtu akauliza, "Je, paa nalo lina historia?" Ndiyo, linayo. Kila kitu kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kilitokana na taabu fulani iliyomsumbua mtu. Taabu ya leo yajulikana na kila mmoja wetu: wakati wa jua mtu hupenda upepo, lakini mvua ikinyesha hutaka kuwa ndani.

Kwanza tujifunze maneno matatu. Motokaa ya wazi ni motokaa isiyo na paa la kudumu. Turubai ni nguo nzito ya kukinga mvua. Kikomeo ni kifungo cha chuma kinachoshikiza kitu kisitoke mahali pake. Yaandikeni maneno hayo, kisha tuendelee.

Mwaka wa 1886 Mjerumani mmoja jina lake Karl Benz alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa motokaa. Ilikuwa na magurudumu matatu, na haikuwa na paa. Kwa miaka mingi baada ya hapo motokaa nyingi zilikuwa za wazi, na zilizofunikwa zilifunikwa kwa turubai tu. Sababu yake ilikuwa fedha. Kujenga chumba kizima cha mbao, bati na vioo kulihitaji kazi nyingi ya mafundi, na bei ilipanda sana. Nchini Marekani mwaka wa 1919, katika kila motokaa 100 zilizouzwa, zilizofungwa pande zote zilikuwa yapata 10 tu.

Ndipo viwanda vikajifunza kujenga motokaa za kufungwa kwa gharama ndogo. Mwaka wa 1922 watu waliona motokaa ya Essex iliyofungwa, ambayo bei yake haikuzidi sana ile ya wazi. Kufika mwaka wa 1925 Essex ya kufungwa iliuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya wazi. Basi watu wakageuka upesi. Mwaka wa 1927, katika kila motokaa 100 zilizouzwa Marekani, 85 zilikuwa za kufungwa.

Je, motokaa ya wazi ilikufa? La, haikufa. Ilibaki kwa watu walioipenda kwa raha yake, na hasa katika motokaa ndogo za watu wawili, zilizotengenezwa kwa kwenda mbio. Baada ya vita vya pili vya dunia Waingereza walitengeneza motokaa ya namna hiyo iitwayo MG TC, toka mwaka wa 1945 mpaka 1950. Paa lake lilikuwa turubai, na pembeni hapakuwa na vioo vya kupandisha, ila mapazia ya kubandika. Mwaka wa 1953 Wamarekani nao walitoa motokaa yao, Chevrolet Corvette. Ilikuwa nzuri kuitazama, walakini nayo ilikuja na turubai na mapazia ya pembeni. Mwenye motokaa kama hiyo alipokuta mvua njiani ilimpasa asimame, ashuke, akunjue turubai, abandike mapazia, na mara nyingi alikuwa amekwisha lowa kabla ya kumaliza.

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Kwa mwaka wa 1955 kampuni ya Ford ya Marekani ilitoa motokaa ya watu wawili iitwayo Thunderbird. Hiyo ilikuwa na vioo vya kupandisha pembeni, na juu yake paa gumu la kuondolewa. Paa hilo halikuwa la chuma, bali la plastiki iliyotiwa nyuzi nyembamba za kioo, kitu kigumu kisichoshika kutu. Wakati wa baridi mwenye motokaa alilifunga, akawa kama aliye katika motokaa ya kufungwa. Wakati wa joto aliliondoa. Watu walipendezwa. Thunderbird za mwaka huo wa 1955 zilizidi 16,000, hali Corvette za mwaka huo zilikuwa 700 tu. Walipoona hayo, wenye Corvette nao walitia vioo vya kupandisha katika motokaa yao ya mwaka wa 1956, na paa gumu la kununuliwa mbali.

Pengine mwataka kujua jinsi paa la namna hiyo linavyofungwa. Kazi yenyewe si ngumu, ila yataka utaratibu. Kwanza vioo vya milango huteremshwa, na turubai, kama lipo, hukunjwa na kuwekwa mahali pake. Kisha mipira inayozunguka ukingo wa paa hutazamwa kama haikupasuka, maana mpira uliopasuka huingiza maji. Halafu watu wawili hulinyanyua paa, mmoja huku na mmoja huku, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akijaribu peke yake aweza kukwaruza rangi au kuvunja kioo cha nyuma. Hulishusha polepole mpaka likae sawasawa juu ya kiunzi cha kioo cha mbele na juu ya mwili wa motokaa kwa nyuma. Kisha vikomeo vyote hushikizwa kidogo kidogo. Visikazwe kabisa mpaka paa limekaa sawa, maana ukikaza upande mmoja mapema, upande wa pili utainuka na kuacha mwanya.

Lakini uvumbuzi mmoja huweza kuzaa taabu nyingine. Taabu ya kwanza ya Thunderbird ilikuwa macho. Paa gumu lilikuwa na kuta nene nyuma ya milango, na dereva hakuweza kuona vizuri motokaa iliyokuwa ubavuni kwa nyuma. Mtu asiyeona aweza kumgonga mwenzake. Kwa hiyo mwaka wa 1956 Ford waliruhusu paa litobolewe dirisha dogo la mviringo kila upande, mfano wa madirisha ya meli. Wajerumani wa Mercedes-Benz walilitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Motokaa yao ya 230 SL, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 1963, ilikuwa na paa la kuondolewa lililobonyea katikati na kuinuka pembeni. Kwa kuwa pembeni paliinuka, vioo vya milango viliweza kuwa virefu, dereva akaona vema, na kuingia kukawa rahisi.

Taabu ya pili ilikuwa hii: paa likiondolewa, litawekwa wapi? Halikunjiki, wala haliingii ndani ya motokaa. Lazima liachwe nyumbani. Sasa mwenye motokaa ametoka asubuhi jua likiwaka, na jioni mawingu yamfunika akiwa mbali. Paa lililoko nyumbani halikingi mvua ya njiani. Ndiyo sababu wengi walitaka turubai pia, na wenye Thunderbird wengine walilipa zaidi wapate yote mawili. Toka mwaka wa 1957 mpaka 1959 Ford walijaribu kuondoa taabu hiyo kwa motokaa kubwa iitwayo Skyliner, ambayo paa lake gumu lilijikunja na kuingia nyuma kwa nguvu za umeme. Ilikuwa ajabu kuitazama, lakini ilihitaji motor kadhaa na nyaya za urefu wa zaidi ya mita 180, na paa likiingia nyuma, mizigo ilikosa nafasi.

Taabu ya tatu ni kubwa kuliko zote, kwa maana inahusu maisha ya watu. Motokaa ya wazi ikipinduka, ni kitu gani kitakachozuia vichwa vya waliomo visipondwe? Turubai haliwezi. Paa gumu huonekana kama ngao, lakini paa lililoshikwa kwa vikomeo tu si sawa na paa lililoungwa na mwili wa motokaa. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Marekani viliogopa kwamba sheria za usalama zingezikataza motokaa za wazi, na wanunuzi nao walikuwa wamepungua. Baada ya Cadillac Eldorado ya mwaka wa 1976, viwanda hivyo viliacha kuzitengeneza mpaka mwaka wa 1982. Mwaka wa 1989 Mercedes-Benz walitoa SL mpya yenye paa la aluminiamu la kuondolewa, na nyuma ya viti upinde wa chuma uliolala, ambao huinuka wenyewe kwa muda wa sekunde 0.3 motokaa ikitaka kupinduka. Hivyo kazi ya kukinga mvua ilibaki kwa paa, na kazi ya kukinga vichwa ikapewa upinde.

Mwaka wa 1996 kampuni hiyohiyo ilitoa motokaa ndogo iitwayo SLK. Paa lake la chuma lilijikunja lenyewe na kuingia nyuma. Baada ya hapo wanunuzi wengi hawakuona haja ya paa la kuacha nyumbani.

Basi, ndugu zangu, tumejifunza nini? Mafundi wale walitaka upepo na ukavu katika chombo kimoja. Waliupata kwa sehemu, na kila mara palikuwa na kitu cha kulipa: fedha, nafasi ya mizigo, au usalama. Mtu akikuonyesha kitu kipya kinachoondoa taabu, kipende, lakini umwulize pia, "Je, kinaleta taabu gani, na nani ataibeba?"

Maswali ya kuzungumza darasani: (1) Kwa nini motokaa za kwanza nyingi zilikuwa za wazi? (2) Kwa nini vikomeo visikazwe upande mmoja kwanza? (3) Taja kitu kimoja cha nyumbani kwako kilichoondoa taabu moja na kuleta nyingine.