Wakwe wa Vugha

Katika lugha yetu neno mkwe lina nyuso mbili: ni yeye aliyetoa binti, na ni yeye pia aliyempokea. Mfalme Christian wa Tisa wa Denmark alipata kuitwa mkwe wa Ulaya kwa maana ya kwanza. Binti yake Alexandra aliolewa mwaka 1863 na mrithi wa enzi ya Uingereza. Dagmar, mdogo wake Alexandra, akaolewa mwaka 1866 na mrithi wa enzi ya Urusi. Zamani zaidi, mwaka 1363, binti mfalme Margrethe aliozwa kwa mfalme wa Norway naye ni mtoto wa miaka kumi tu. Huko binti ndiye aliyesafiri. Katika milima ya Usambara mambo yalikwenda kinyume: mtawala alikaa Vugha, si mbali na mji wa Lushoto wa leo, nao mabinti wa nchi wakaletwa kwake.

Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, hakupanda milima hii na jeshi. Kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, chatueleza jinsi alivyowagawia watu nyama ya nguruwe wa mwitu na kuamua mashauri yao, nao wakampa wake. Wasimulizi hupenda kukaa kwenye nyama na kwenye simba aliyemwua. Wake hupitiwa upesi. Lakini wake hao ndio waliokuwa dola yenyewe. Mke alizaa mwana, na mwana alikuwa na wajomba. Wala mjomba hakuwa jamaa wa kutembelewa tu. Mwana alipopewa nchi, wajomba walimlinda, wakamshauri, na pengine wakamzuia. Buge, aliyemrithi Mbegha, yasimuliwa kwamba mama yake alikuwa mtu wa Bumbuli. Ndiko alikofuatwa aletwe Vugha baba yake alipofariki, na tangu hapo mrithi wa enzi alitazamiwa kutoka Bumbuli. Basi mtu aliyeuliza nani atatawala, alikuwa akiuliza pia mama yake ni wa wapi.

Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862 baada ya kutawala miaka mingi, aliifikisha desturi hiyo ukingoni. Burton, aliyefika Vugha mwaka 1857, aliandika kwamba alikuwa na wake mia tatu. Hesabu hiyo tuipokee kwa tahadhari, maana mgeni wa kupita hakuingia katika nyua za wake akawahesabu. Lililo hakika ni kwamba Kimweri aliwaweka wanawe wawe watawala katika majimbo. Alipofariki, mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vugha. Semboja, mwana wa Kimweri, aliyekuwa Mazinde kwenye njia ya misafara, akaondoka kumpinga, nchi ikaingia vitani.

Wataalamu husema bunduki ndizo zilizoivunja Usambara. Ni kweli, lakini mimi naona bunduki ziliikuta nyumba imekwisha gawanyika kwa milango ya akina mama. Wala Denmark isituonee fahari: mwaka 1864, mwaka mmoja tu baada ya arusi ya Alexandra, Prussia na Austria ziliishambulia nchi ya baba yake, na Uingereza haikupeleka hata askari mmoja.

Nao mabinti wa Wakilindi wenyewe? Hapa masimulizi yanatupa Mboza, dada yake Kinyashi, aliyetawala Vugha kabla ya Kimweri. Yasemekana mzozo juu ya enzi uliwatenga ndugu hao, Mboza akatoka na watu wake. Wakilindi wa Mshihwi huhesabu asili yao kwake. Hawahesabu kwa mume wake, wala kwa mahari aliyotolewa. Hata Kimweri alipokuwa katika kilele cha nguvu zake, akiwapokea wageni waliotoka pwani kumwomba idhini, Mshihwi haikuwa chini ya Vugha.