Ngoro za Litembo: Mvua Inayofungiwa Mlimani

Mvua ikipiga miteremko ya Litembo, maji hayapati nafasi ya kushika kasi. Yananaswa shimoni, mraba kwa mraba, mlima mzima, mpaka udongo uyanywe.

Mashimo hayo ni ngoro, kilimo cha Wamatengo wa Mbinga, kusini mwa Tanzania. Katika karne ya 19, mashambulizi ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo wengi kwenye milima hii. Watu wakawa wengi, ardhi ikawa finyu na yenye mwinuko mkali. Ilibidi shamba lilelile lilimwe miaka nenda rudi bila udongo kuishia mtoni.

Kazi huanza karibu na Machi, mvua zikielekea ukingoni. Kwa desturi wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa mistari inayokatana. Wanawake hufuata na majembe: huchimba katikati ya kila mraba na kuyafukia majani kwa udongo huo. Hubaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Maharage hupandwa kwenye matuta, mahindi hufuata msimu mpya wa mvua, na magugu hutupwa shimoni yaoze. Ngoro zikichimbwa upya, palipokuwa shimo huwa tuta.

Mwaka 1938, A. H. Pike aliandika kuhusu hifadhi hii ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Hata hivyo, kwenye milima ya Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi yaliyowachosha bila kuwafaa. Mwaka 1955 Waluguru waligoma, na ghasia zikazuka Matombo.

Wamatengo hawakuhitaji kushurutishwa, kwa sababu mlima na bonde kwao ni shamba moja. Ukoo humiliki ntambo, sehemu ya mlima iliyopakana na vijito, na maji yanayozama juu ndiyo yanayolisha chemchemi na mabonde yenye unyevu chini. 

Tangu miaka ya 1920 kahawa imechukua sehemu ya miteremko hiyo na nguvu kazi ya wanaume, huku mashamba yakigawanywa kwa warithi. Jembe la ngoro limebaki zaidi mikononi mwa wanawake. Kwa kuwa maji ya bondeni huanzia kwenye mashimo yao, mpango wowote wa kufufua mabonde yaliyokauka Mbinga unapaswa kuanza na wao, huko juu mteremkoni, na kuwalipa stahili yao.