Kupandikiza, si kubadilisha

Mtaani Kayole, Dandora au Buruburu, mchango wa matibabu ukiitishwa utasikia: "Anaenda kubadilishwa figo." Neno sahihi zaidi ni kupandikiza. Limetokana na panda, na mkulima wa sukuma wiki kando ya Mto Nairobi analijua kwa mikono: hung'oa mche kitaluni, akauhamishia shambani, akaumwagilia hadi ushike.

Ndivyo afanyavyo daktari wa upasuaji. Kwa kawaida figo za zamani haziondolewi. Mpya huwekwa sehemu ya chini ya tumbo, karibu na nyonga, ikaunganishwa na mishipa ya damu na kibofu. Kubadilisha ni kutoa kimoja na kuweka kingine; hapa kimeongezwa kimoja.

Mche huhitaji maji. Figo huhitaji dawa kila siku, ili kinga ya mwili isiikatae. Anayedhani "amebadilishwa" anaweza kuziacha akijiona amepona, na figo ikanyauka.

Basi tuseme: figo imepandikizwa, mgonjwa amepandikiziwa. Neno hilo linamkumbusha kuitunza, nasi linatukumbusha kwamba kila mche una kitalu ulikotoka: yupo mtu aliyeitoa figo hiyo.